Nguruwe Chini ya Goli

Jumatano, Kibiti

Na Jumamosi tunacheza kikapu na Mohoro! Senta wangu Shabani, jitu zima, bado anasema "samahani, kaka" kila akigusana na mtu.

Mama yake kaniambia shambani anafukuza nguruwe pori peke yake. Nikaona dawa ndiyo hiyo. Leo nikamwambia, "Mwenzako Juma mwone kama nguruwe kwenye mpunga wa mama yako."

Juma alipokuja na mpira, Shabani akaruka pembeni, mikono juu. "Mwalimu, nguruwe tunamfukuza kwa kelele. Hatumgusi."

Miaka sita naishi na Waislamu, na bado...

Baada ya mazoezi akamwomba Juma radhi kwa kumwona hivyo. Kisha akaja kusimama mbele yangu, hakusogea hata hatua moja mpaka na mimi nikamwomba Juma radhi.

Jumamosi asimame hivyo hivyo.