Homa ya Zakaria

Walikale, siku ya tatu, mwezi wa kumi na moja 1953

Wakinikamata, nitasema nini?

Zakaria, ule muchimbaji wa kutoka Bihambwe, alirudi kwangu asubuhi. Hakule tena, halale, hasemi na watu. Nikamuuliza: "Kaka, unaumwa wapi?"

"Muganga, siumwe fasi yoyote. Nasikia tu filimbi ya kazi, hata wakati hailie."

Hapa kambini, bila homa hakuna kupumuzika. Na wasio na homa, mimi njo nawarudishaga mu shimo.

Leo nilitia termometre mu chai yangu ya vuguvugu ili ionyeshe homa, kisha nikamupelekea Muzungu, mukubwa wa kambi. Akaguna, akamupatia Zakaria siku mbili.

Nilizani nitafurahi. Lakini magaribi nilimupitia, nikamukuta amekaa ku kitanda mu nguo za kazi, anangoja filimbi. Siku mbili zitamusaidia nini? Mu sanduku yangu hakuna dawa ya ile ugonjwa.

Na mimi, tangu Pasaka, usingizi hauji. Chakula kinanishinda.

Nimejipima sasa hivi. Hakuna homa.

Chai iko hapa ku meza. Lakini mu kambi hii muzima, muganga ni mimi peke yangu; nani atanipelekea termometre kwa Muzungu?