Kidonge cha Hamisi

Nachingwea, Jumanne, masika ya 1954

Daktari anasema Bi Somoe amemharibia majaribio. Majaribio!

Wanawe wawili wana kifua kikuu. Hamisi anapewa kidonge kipya, Zainabu ameachiwa mafuta ya samaki, ili ionekane kama kidonge hicho kinafaa. Leo, nikigawa dawa wodini, nimemkuta mama yao akikikata kwa meno, kila mtoto apate nusu.

"Sasa bwana dresa, huyu apone, mwenzie amtazame tu?"

Nikamwambia nusu haimtibu yeyote. Akaniuliza, basi mimi ningemchagua nani?

Jioni Zainabu ametema damu.

Kesho nimeagizwa nisimame kando ya kitanda mpaka Hamisi akimeze kidonge kizima. Vitanda vyao vimepakana. Zainabu atakuwa ananitazama.