Kambale wa Kwenye Mawe

Ijumaa, 11 Julai
Nimefua koti la Kambale, bwana yangu. Halikauki. Butembo hii na baridi yake! Kesho tunapita Beni, tunaenda mbugani, chini ya Ruwenzori. Yeye, mimi na binti yetu Masika. Anataka mtoto aone mawe makubwa aliyoonyeshwa yeye na baba yake utotoni. Barabara ile naiogopa. Lakini Kambale akiamua, ameamua.

Jumapili, 13 Julai
Mawe yamepita kanisa kwa urefu. Meusi, yamesimama wima, yanatiririka maji. Masika alipiga makofi. Kambale akatangulia kutafuta jiwe alilopandishwa na baba yake. Ukungu ukashuka. Hatukumwona tena.

Tuliita, walinzi wa mbuga nao wakaita. Jioni redio ya mlinzi ikalia, kambi ya chini: "Kambale alishafika. Iko huku, anaota moto." Nilipiga magoti. Nikasema tushuke. Tukaacha kuita.

Motoni alikaa mbebaji wa mizigo. Kambale, ndiyo. Mtoto wa kiume wa pili kwao, kama bwana yangu kwao. Kwetu Wanande kila mtoto wa pili wa kiume ni Kambale, mtaani kwangu wamejaa. Na sikuuliza Kambale yupi. Furaha ilinipofusha. Mjinga mimi!

Giza limeingia. Walinzi wanakataa kupanda.

Jumatatu, 14 Julai
Wamepanda alfajiri, wameniacha kambini. Mvua. Rezo hakuna, simu haishiki. Masika ameuliza kama baba amekasirika. Nimemkaripia, kisha nimelia mbele yake. Namwomba Mungu, namgombeza Mungu. Yule mbebaji ananikwepa kama mwizi. Hana kosa. Lakini siwezi kumtazama.

Jumanne, 15 Julai
Hapana. Bado. Wanasema kesho ndiyo mwisho wa kumtafuta.

Nimetaka kupanda mwenyewe, wamenizuia. "Mama Masika, tulia kwanza," alisema mkuu wao. "Lakini kama iko muzima, angeitika." Nimemtukana. Mtu mzima, mwenye mvi. Sijutii.

Alhamisi, 17 Julai
Beni, hospitalini. Walimpata jana, amenasa kwenye ufa kati ya mawe mawili. Anapumua. Mguu utakatwa kesho. Ukatwe. Uhai kwanza.

Asubuhi alifumbua macho. "Nilikuwa nasikia munaniita," alisema. "Niliitika, niliitika. Kisha mukanyamaza."

Nilipoza uji, nikamnywesha. Alikunywa nusu kikombe.