Jumatano Kumi na Nne

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na wanao wote. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba kile kikohozi kilichokushika wakati wa mazishi kimekuachia. Mimi mwili wangu ni mzima. Ninakula, ninalala kiasi, na wateja wangu bado wanakuja, ingawa kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikiwarudisha mlangoni.

Barua yako imenifikia. Nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama, na mara ya tatu nikiwa nimeketi. Unasema umekwisha kuwaandikia baba mdogo na shangazi, kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tukutane kwako, na kwamba shemeji aitwe aeleze mbele ya wote kwa nini alimwacha mdogo wetu Chiriku na ugonjwa mpaka ukamshinda. Unasema mwanamume anayelala kitanda kimoja na mkewe hawezi kukosa kuona. Unasema pia kwamba wale watoto wawili wahamie kwako, kwa kuwa aliyeshindwa kumtunza mama yao hatawaweza wao. Kisha unaniomba mimi, dada mkubwa, niwe wa kwanza kusema.

Nitasema. Lakini nitaanzia mbali kidogo, nawe unisome mpaka mwisho bila kuruka mistari, kama ulivyozoea kufanya na barua zangu.

Unajua kwamba mama alipofariki, huyu mziwanda wetu alikuwa hajatimiza mwaka. Nilimwogesha mimi, nikamlisha mimi, nikamsomesha mimi. Unajua pia jinsi nilivyoikataa ndoa yake. Nilisema mbele yenu nyote kwamba sikumlea ili aende kuolewa na mtu wa kunyoa ndevu za wapita njia. Harusini sikwenda. Naye Chiriku, ambaye tulimpa jina hilo kwa sababu hakunyamaza hata usingizini, alininyamazia miaka minane. Mwanawe wa kwanza alianza shule kabla hajajua kwamba ana mama mkubwa anayekaa mitaa miwili tu kutoka kwao.

Mwaka jana, siku ya Jumatano, saa nane mchana, alinijia. Alisimama kwenye mlango wa chumba changu cha kazi, mkono wa kulia umelishika bega la kushoto, akaniambia kwamba amesikia hapa kuna bibi mmoja mkali anayekanda watu mabega, na kwamba nisijidanganye, hakuja kwa dada yake, amekuja kwa huyo bibi. Nikamjibu kwamba bibi huyo hupokea watu kwa miadi. Akasema basi amwandikie miadi ya sasa hivi, maana mteja ameshafika na bega linawaka moto. Nilimwonyesha kitanda. Hatukukumbatiana wala hatukulia. Alivua blauzi, akalala kifudifudi, nami nikaanza kazi.

Wewe kazi hii umeitania siku zote, ukiiita kazi ya kupaka watu mafuta, na chumba chenyewe hujawahi kukiingia. Ni kidogo. Kuna kitanda kirefu cha mbao, mashuka yaliyokunjwa, beseni la maji ya moto, na bakuli la mafuta ya ufuta ninaloliweka ndani ya beseni hilo ili yapate joto taratibu. Wenye miguu iliyochoka huwawekea maji ya chumvi. Wenye mafua huwafukiza kwa majani ya mkaratusi. Wasiopata usingizi huwafundisha kuvuta pumzi na kuitoa polepole, kisha huwapa chai ya mchaichai. Kila mteja ana kadi yake, na kwenye kadi hiyo huandika kile mikono yangu ilichokikuta siku hiyo. Sitibu maradhi, na sijapata kusema kwamba ninatibu. Ninausaidia mwili upumzike, na mtu anayepumzika hupata nafuu katika mengi.

Mwanamke aliyenifundisha kazi hii alikuwa na sharti moja. Alisema mikono ya mkandaji hufika mahali ambapo macho ya mtu mwenyewe hayafiki, kwa hiyo ukikuta uvimbe mgumu usiosogea, unaacha saa ileile, unafuta mafuta, unamwambia mteja aende hospitali, na humgusi tena mpaka akuletee karatasi ya daktari. Sharti hilo nimelishika miaka kumi na tisa. Nimewapeleka hospitali watu kumi na mmoja. Mmoja wao, fundi cherehani wa hapa jirani, aliniita mchawi kwa kumtia hofu, akanuna miezi miwili, kisha akaja na karatasi yake na mkungu wa ndizi. Alikuwa amewahi. Mpaka leo akinikuta njiani huwaambia watu kwamba huyu bibi ana mikono yenye macho.

Chiriku alikuja Jumatano kumi na saba. Bega lilikuwa limechoka kweli. Kazi ya kusuka si mchezo, mtu anashinda mikono juu ya vichwa vya watu kutwa nzima. Lakini nilichokuwa nikikingoja mimi ni maneno yake. Alinisimulia miaka minane yote, kipande kwa kipande, uso wake ukiwa kwenye mto. Alinisimulia jinsi yeye na mumewe walivyoligawa duka moja kwa pazia, huku kusuka na huku kunyoa, na jinsi wateja wa pande zote mbili wanavyosengenyana na kujibizana bila kuonana. Alinisimulia jinsi umeme ulivyokatika mashine ikiwa kichwani mwa karani mmoja, karani akarudi kazini nusu amenyolewa na nusu bado, amejifunga kitambaa akidai anaumwa kichwa. Jumatano ya pili alimleta mtoto mdogo, akamwambia aniamkie vizuri kwa sababu mimi huuma. Mtoto aliniamkia akiwa ameficha mikono nyuma.

Sasa nisikilize kuhusu shemeji. Jumatano ya kumi na saba ilipopita, siku ya Ijumaa, Chiriku akiwa anaoga aligusa uvimbe chini ya kwapa la kushoto. Alimwambia mumewe jioni hiyohiyo. Asubuhi iliyofuata duka halikufunguliwa, na kabla ya saa mbili walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi la hospitali. Hakusubiri hata siku moja. Nimeiona karatasi ya daktari, na tarehe iko pale. Baada ya vipimo daktari alisema ni saratani, kwamba imekwisha kusambaa, na kwamba angeletwa miezi mitatu au minne kabla ya hapo wangekuwa na mengi ya kujaribu. Maneno hayo ndiyo wewe uliyoyasikia ukumbini pale hospitali, na ndiyo uliyombandika shemeji. Yeye aliinamisha kichwa, nanyi mkadhani ni hatia. Nilikuwa nimesimama kando yako, mdogo wangu, na sikusema neno.

Uvimbe ule niliugusa mimi. Ilikuwa Jumatano ya tatu. Alikuwa akinisimulia habari za yule karani, akicheka mpaka mgongo unatikisika chini ya mikono yangu, na kidole changu kikakuta kitu chini ya kwapa, kidogo kama punje ya kunde kavu. Nilikisukuma kwa kidole. Hakikusogea. Nilijua pale pale. Mikono hii haihitaji kuambiwa mara mbili. Akaniuliza mbona nimeacha. Nikamwambia mafuta yamepoa. Nikachukua bakuli, nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya jiko ambalo sikuliwasha.

Nilijiambia kwamba nikitamka neno hospitali, Jumatano zimekwisha. Atakuwa wa madaktari na wa mumewe, nami nitarudi kuwa yule dada wa mitaa miwili ng'ambo. Nilikuwa nimempata kwa Jumatano tatu tu baada ya miaka minane. Nikajiambia nitajipa Jumatano moja tu zaidi, kisha nitamwambia. Iliyofuata nikajiambia hivyohivyo. Zilikuwa kumi na nne. Kila wiki nilipitisha vidole kando ya mahali pale bila kupagusa, na kila wiki niliandika kwenye kadi yake kwamba misuli ya bega la kushoto imekaza. Kadi hizo ninazo. Mwandiko ni mzuri sana.

Watu kumi na mmoja niliwapeleka, hata wasio ndugu zangu, hata walionitukana. Yeye niliyemwogesha kwa mikono hii sikumpeleka.

Kuna jingine, na hili ndilo linaloniamsha. Wiki moja kabla hajafariki, nikimpaka mafuta miguuni pale wodini, aliniuliza kama mikono yangu haikuwahi kugusa kitu. Hakuniuliza kwa kunilaumu. Nilimwambia haikugusa. Akanishika vidole, akasema basi nisijiumize, maana kama bibi mkali hakukiona, hakuna ambaye angekiona. Alilala usingizi akiwa ameamini hivyo. Alikuwa akinibembeleza mimi.

Jana nilikwenda dukani kwa shemeji. Pazia bado lipo, na upande wa pili kiti chake Chiriku bado kipo na kitana juu yake. Shemeji alikuwa akimnyoa mzee mmoja. Nilingoja mpaka akamaliza, mzee akaondoka, ndipo nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Hakupaza sauti. Aliufuta wembe, akaniuliza ilikuwa Jumatano ya ngapi. Nikamwambia ya tatu. Akasema kwamba ni yeye aliyemtuma kwangu. Alikuwa amemwambia bega ni sababu nzuri, aende akapatane na dada yake, watoto wapate mama mkubwa. Karibu kila Jumatano mchana alikaa na watoto dukani, ananyoa huku anawafundisha kusoma, ili mkewe asiwe na haraka.

Halafu akaniomba, kwa adabu ileile ambayo sikupata kuiona kwa miaka minane, kwamba kwa sasa nisiende tena kwake jioni kuwaogesha watoto, kama nilivyokuwa nikifanya tangu mazishi. Hakusema mpaka lini. Sikumuuliza.

Kwa hiyo mkutano wa Jumapili usiwe wa shemeji. Ukitaka uwepo, uwe wangu. Wasomee baba mdogo na shangazi barua hii kama ilivyo, usiipunguze makali kwa kunihurumia. Watoto waache kwa baba yao. Halafu nenda dukani kwake, kaa kwenye kile kiti, umwombe akunyoe, na akimaliza umwambie ulikosea. Mimi nimekwisha kumwomba radhi, lakini ya kwako anaweza kuipokea.

Ukiona unaweza kunijibu, nijibu. Ukiona huwezi, sitakulaumu.

Nisalimie watoto wote, na umwambie yule mkubwa kwamba nimefurahi amefaulu. Wifi naye mwambie nimepata ujumbe wake kuhusu goti. Mafuta sitampelekea. Kwanza aende akapimwe, na asikubali mtu yeyote amkande kabla ya hapo, hata kama mtu huyo ni ndugu yake na anampenda sana.

Ni mimi,
dada yako mkubwa.