Mama Mkwe, Nimepanda Tena Dunguni

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Najua kaburi haliitikii, ila nisipokuamkia nitajiona sina adabu.

Leo nimekaa dunguni kwako Mofu, kwenye kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga. Ngazi uliyosema utaikaza umeiacha imelegea vilevile. Nimeipanda huku nikikulaumu kimoyomoyo.

Unakumbuka uliponileta hapa mara ya kwanza? Nilikuwa nimempoteza mtoto wangu wa kwanza kabla hajapewa jina, na sauti ikanikauka. Mtu akiniuliza jambo, natikisa kichwa tu. Mwanao alihangaika nami hospitali hii na ile, mwisho ukamwambia aniache nawe, mpunga umeanza kukomaa na unahitaji mtu wa kuamia ndege wasiumalize. Mimi mtoto wa makambi ya wafanyakazi wa miwa, ndege nilizoea kuwaona juu ya nyaya za umeme.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya mbuga yote hadi chini ya milima ya Udzungwa. Jua lilipochomoza ukungu ukapanda polepole, na ng'ambo ya maji nikawaona sheshe, wale swala wa bonde letu, wamesimama wametulia kama watu waliofika mapema kanisani. Kisha wakaja ndege, kweleakwelea, kundi kubwa lililofunika anga, likageuka lote kwa mara moja bila hata mmoja kumgonga mwenzake. Nilishika mdomo. Sikujua kwamba mtu mwenye huzuni kama yangu bado anaweza kustaajabu. Wakatua, wakala, wakashiba, mimi nimeduwaa nawatazama.

Uliporudi kutoka kuchota maji ukakuta kona nzima ya shamba imebaki makapi. Nilidhani utanifukuza. Wewe ulikaa chini ukacheka mpaka ukashika mbavu.

"Mwanangu, umewaandalia karamu?" ukauliza. "Hawa hawafukuzwi kwa macho. Piga kelele."

Sikuweza. Ukavuta kamba ya makopo, ukaita mwenyewe. Dungu la jirani likaitikia, la mbele yake likapokea, mpaka sauti ikapotelea kwenye matete ya mtoni. Ndivyo mlivyolinda: anayeita huitikiwa, hata kama kwako ndege hawajafika. Siku kadhaa baadaye kundi lilishuka ukiwa umesinzia, nami nikaita. Sauti ilitoka mbaya, imejaa kutu. Jirani akaitikia. Nililia sana, na usiku ule nililala usingizi wa mtoto. Mpaka leo sijui kama kweli ulikuwa umesinzia.

Mama, tangu tukuzike presha imenipanda. Kule Ifakara mjini nageuka kitandani mpaka kunakucha. Daktari kaniambia nimeze dawa na nipunguze mawazo. Dawa nameza, hayo mengine hakunielekeza yanapunguzwaje. Na mwanao anataka shamba likodishwe, anasema halina tena mtu wa kulilinda. Nilimwomba anipe kwanza msimu huu.

Nimefika jana. Leo alfajiri ukungu umepanda vilevile, sheshe wamesimama palepale, na moyo wangu ukapunguza mbio wenyewe. Nikaogopa kuita. Shoga yako wa dungu la jirani naye ametangulia, nikawaza nitaita na kimya ndicho kitaitikia. Lakini ndege hawakungoja niwaze. Nikavuta makopo, nikaita kwa nguvu zangu zote.

Nikaitikiwa. Ni mama mmoja wa wale Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao. Hatujawahi hata kusalimiana. Hakuniona, hakunijua, akaitikia tu, na wa mbele yake akapokea, hadi mtoni.

Basi nimempigia simu mwanao. Nimemwambia shamba halikodishwi, aniletee shuka, dawa zangu, na misumari ya ngazi.

Pumzika, mama. Mpunga una mlinzi.

Ni mimi mkweo,
niliyewalisha ndege mpunga wako.