Siku Saruji Iliposhika

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, tena uzipokee, maana zile nilizokupa tulipoachana langoni hukuzipokea. Natumaini u mzima, kile kikohozi kimekuachia, na barakoa unaivaa unapofungua magunia ya unga wetu, hata kama wenzako wanakucheka. Sisi huku tu wazima wa mwili. Shemeji yako hajambo. Anakusalimu, na safari hii anakusalimu kwa sauti yake mwenyewe. Unakumbuka alivyozoea kukuigiza unavyovuta maneno, mpaka marehemu mama anacheka huku kajishika mbavu na kumwambia aache. Siku hizi ameacha. Sababu utaikuta huko mbele.

Karatasi yako dereva wa gari la maji aliniletea maabara. Karatasi nzima, mstari mmoja: unataka kujua kama mama alikuulizia siku ile ya mwisho. Niliisoma, nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa koti la kazi, nikaendelea kuvunja vipande vya saruji kwenye mashine. Usinione mkavu. Jibu utalipata humu humu. Ila limechanganyika na kazi, na siwezi kulitoa bila kuitoa na kazi yenyewe, kwa hiyo nivumilie.

Saruji ya kisima chenu cha mafuta imeziba vizuri, hilo unalijua kuliko mimi. Wakubwa walikuja kutazama karatasi za vipimo, wakatikisa vichwa kwa furaha, wakataka niwaeleze tangu mwanzo. Nikawaeleza kama nilivyomweleza mama, maana maelezo mengine sina. Unakumbuka alivyoniuliza, kile kipindi alipohamia kwangu, tunafanya nini na saruji huko kwenye mafuta. Nilimwambia tunateremsha bomba la chuma mpaka chini, tunasukuma uji wa saruji ndani yake, uji unatokea chini na kupanda kwa nje, kati ya bomba na mwamba, unashika pale na kuziba. Akauliza utakaukaje na huko kumejaa majimaji. Nikamwambia saruji haikauki, inakunywa maji ndipo inakuwa ngumu. Akasema basi ni kama mjomba wetu.

Shida, nikamwambia, ni ule muda wa katikati, saruji ikiwa si uji tena na bado si jiwe. Hapo ndipo gesi inapopenya na kujichorea vinjia, na kinjia kikishachoreka hakizibiki. Kisima cha kwanza kilitoa mapovu hivyo hivyo. Cha pili kilimuunguza mikono fundi wa bomba. Unga wetu ni chembe za silika, ile ile iliyomo mchangani, ndogo kiasi kwamba hadubini yetu ya mezani haizioni. Zinaingia kwenye nafasi baina ya punje za saruji na kuijaza, na zinaifanya ishike upesi, gesi isipate upenyo. Mama aliuita unga usiolika. Kila nikirudi kazini alinipangusa nywele na kuniambia nimezeeka kabla yake.

Pale maabara ulifanya kazi ukaona. Tunaipika saruji kwenye chungu cha chuma, tunaipa joto na mgandamizo wa chini ya ardhi, ili idhani iko kisimani. Tunaidanganya, inatuonyesha itakavyokuwa. Na uliona unga ule ulivyo mkorofi: ukiutupa mkavu unaganda madonge, na kila donge ni kinjia kingine cha gesi. Sharti uanze na maji, uutie kidogo kidogo, ukoroge mpaka maji yawe meupe kama maziwa, ndipo saruji ifuate. Jaribio la kwanza wenzako waliumwaga kama mtu anayetia chumvi mchuzi wa jirani, tukaaibika wote. Nikakuleta ukae nami mpaka mkono wako ukauzoea. Sikukusifu wakati ule, nikakutania tu kwamba hatimaye umejua kukoroga kitu. Lakini kweli ni kwamba pale kwenye mtambo wa kuchimbia mtu wa kuuchanganya unga ule alikuwa mmoja tu, nawe unamjua.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Asubuhi ile mama aliamka na pumzi za juu juu. Tulimfikisha hospitali akiwa bado anamsuta shemeji yako kwamba anaendesha kama mtu anayepeleka mayai sokoni. Wakamlaza chumba cha mwisho, karibu na dirisha. Daktari akanitoa nje, akaniambia moyo umechoka, na kama kuna watu wa kuitwa basi waitwe sasa. Nilimwelewa. Sitasema sikumwelewa.

Nikarudi ndani. Mama akauliza wewe uko wapi. Hilo ndilo jibu lako, mdogo wangu. Alikuulizia. Lilikuwa neno lake la kwanza nilipokaa, na halikuwa la mwisho.

Nikatoka tena kwenda kukupigia. Nilipomaliza, nikamwacha shemeji yako afanye alichoniomba, ajifanye ni wewe, maana hakuweza kumwona mama akihangaika. Alisimama ukumbini nje ya mlango, akaipigia simu yangu, nami nikarudi kuiweka kwenye sikio la mama. Akavuta maneno kama unavyoyavuta wewe. Mama akamuuliza kama amekula, akasema amekula. Akamuuliza kama unga wa dada umefika salama, akasema umefika. Akamwambia afanye kazi vizuri, baba, na asipande juu ya mtambo bila mkanda. Nikakata simu, nikadhani tumefaulu. Mama akafumba macho kidogo, kisha akaniambia nimwambie mume wangu viatu vyake vinalia, kavisikia simuni na kavisikia mlangoni. Akasema kajitahidi, asigombezwe. Kisha akaniuliza kama yule mwenyewe tumemwambia.

Nikamwambia mtandao umekatika, huko mtamboni hapapatikani. Maneno hayo hayo ndiyo niliyowapa watu wote baadaye, na mama mdogo alipokwambia pale msibani alikuwa anarudia alichosikia kwangu. Yeye usimlaumu.

Mama akasema basi atakungoja.

Mdogo wangu, mtandao haukukatika. Kabla ya mchezo ule wa simu, nilipotoka kukupigia, simu ya mtamboni ilipokelewa mlio wa kwanza tu. Sikukupata wewe, alipokea msimamizi wenu, Mzee wa Kofia. Nikamwambia hali ya mama si nzuri. Akanipa pole, akasema bomba limeshafika chini, shimo halitasubiri, mnaanza kuchanganya muda si mrefu. Akasema gari la maji lipo, ukipanda sasa unafika kabla jua halijapoa. Ukiondoka wataziba kwa saruji ya zamani, na unga wangu utangoja kisima kingine, kama kitapatikana. Akaniuliza akuite, au akuache. Ni mtu mwema yule. Aliniuliza mara mbili.

Nikamwambia asikuambie kitu, akuache umalize.

Naweza kukwambia nilifikiria mikono ya yule fundi. Nimejaribu kujiambia hivyo, na mtu akinisikia ataniona mwenye busara. Lakini sikumfikiria. Nilifikiria unga. Nilifikiria miaka yangu kwenye chungu kile cha chuma, na wale walioniambia nauza hewa. Mama alikuwa kitandani, na mimi nilikuwa naogopa madonge.

Alikungoja. Kila mlango ulipofunguliwa alifungua macho. Alasiri akaacha kuyafungua, lakini kidole chake kilikuwa bado kinanijibu nikikibonyeza. Baadaye muuguzi akaja, akamshika mkono, akamshika shingo, akanitazama. Wakati ule ule simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Mzee wa Kofia: saruji imeshika, mgandamizo umetulia, hakuna hata povu moja.

Nikausoma nikiwa nimesimama pale pale. Na nilifurahi. Furaha ya kweli, ile ya kifuani, ya kutaka kumshika mtu bega nimwambie. Nikageuka nimwambie mama. Muuguzi alikuwa anavuta shuka.

Tangu hapo sijahisi kitu kingine. Sikulia msibani, watu wakasema nimejikaza. Kujikaza ni kazi, na mimi sifanyi kazi yoyote. Ulipofika na vumbi la safari, ukapita mbele yangu kwenda kwenye udongo mbichi, nilikutazama kama ninavyotazama mshale wa kipimo. Ofisini wamebandika picha yangu ubaoni, wakanikatia keki. Nikala vipande viwili, na ukiniuliza ilikuwa ya ladha gani sijui. Nyumbani kitanda chake bado kimetandikwa. Napita, naona kimetandikwa, basi.

Sikuombi msamaha, maana sijui ningeupokea na nini. Nimekuandikia kwa sababu ulitaka kujua kama alikuulizia, na uongo ule wa mtandao ulikuwa umeanza kukufanya udhani hakukutaja. Alikutaja. Wewe mwenyewe, si sauti yako.

Nisalimie Mzee wa Kofia, mwambie yeye hana kosa. Mama mdogo anakukumbusha kumrudishia sufuria yake. Shemeji yako vile viatu kampa mlinzi, siku hizi anavaa ndala hata kazini. Vaa barakoa. Na siku ukitaka kunipigia, hata kama ni kunitukana, piga. Huku mtandao upo, na siku ile pia ulikuwepo.

Ni mimi dada yako,
aliyekubeba mgongoni kabla hujajua kutembea.