Kivuli Kilichojengewa Darajani

Jumanne, 4 Juni

Ofisi ya wilaya imefurika ujinga leo. Tsona, mjane msokota sufu, ameingia akifoka. Juzi alikwenda darajani kuwakaripia waashi wanaochafua maji ya mto. Alipokuwa katikati ya ugomvi, Fundi Penyo, mkuu wao, akakipima kivuli cha mama huyo kwa uzi, kwa nyuma, kisha akaujengea uzi ule ndani ya nguzo. Anadai kwamba sasa daraja litasimama na yeye atakufa, abaki mzimu wa kulilinda. Wilaya nzima inaamini hivyo! Mimi niliyesoma sheria Vienna nimemjibu: kivuli si mali, wala si kiungo cha mwili, hakuna kosa. Mkuu wa wilaya, Bwana Gerdzhikov, alicheka hadi akapaliwa.

"Umesikia, mama? Msomi ameshasema!"

Tsona akanigeukia. "Mwanangu, hiyo shahada ulipewa au uliiokota?"

Jeuri!

Alhamisi, 13 Juni

Nimemkuta Tsona sokoni, jua la asubuhi. Kikapu chake kilikuwa na kivuli. Yeye hana! Amekonda, anakohoa, sauti inakwaruza. "Unatafuta nini chini, msomi? Kiko kule kwenye nguzo."

Nikateremka mtoni. Nguzo inakohoa — kikohozi chake hasa. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba mawe hayana mapafu. Nimesikia, hata hivyo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemtaka Gerdzhikov aibomoe nguzo. Nilijenga hoja ambazo maprofesa wangu wangezishangilia. Akasubiri nimalize.

"Kivuli si mali, Vlaykov. Ulisema mwenyewe, mbele ya karani."

"Nilikosea."

"Ulikosea wewe. Serikali haikukosea. Madaraja mawili yamesombwa na mafuriko; hili halitikisiki. Unataka uzi utoke? Lete kivuli kingine. Selo zimejaa mahabusu — chagua unayemchukia."

Ninayemchukia ni yeye! Alilijua hilo, akatabasamu.

Jumapili, 16 Juni

Nimemweleza Tsona sharti la Gerdzhikov. Hawezi kuinuka kitandani. Midomo yake ilicheza, na sauti ikatoka nje, huko mtoni: "Usithubutu kumpeleka mtoto wa mtu." Kisha: "Na usinililie hapa. Unanichosha."

Hata kufani ananikaripia.

Jumatatu, 17 Juni

Niko darajani. Penyo ameapa: akipata kivuli kingine, analitoa jiwe lenye uzi wa Tsona leo leo. Nikamwambia kimekuja.

Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Cha msomi? Sijui kama kitabeba mikokoteni!"

Waashi wakaangua kicheko. Gerdzhikov amemtuma karani ashuhudie. Mwenyewe hakuona haja ya kuja. Nimeketi juu ya jiwe, jua liko mgongoni, naandika ili mkono uwe na kazi. Penyo ameufungua uzi wa kupimia.

"Inuka, bwana mwanasheria. Ukiketi kinakuwa kifupi."

Nguzo inakohoa, mfululizo sasa. Hoja za kuondoka ninazo, nyingi, na kila moja haina dosari. Sijainuka. Wala sijaondoka —